Mzio wa Dawa Gani?

Ukurasa wa Daktari wa Usingizi

Mwezi huu barua moja imeninyima usingizi, mimi ambaye kazi yangu ni kulaza watu. Nimeipa nafasi kubwa. Wengine watatu nimewajibu kwa ufupi, mnisamehe.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38. Miezi mitano iliyopita niliingia thieta kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Nakumbuka barakoa ya oksijeni na mtu akiniambia nivute pumzi ndefu. Nilipozinduka nilikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, bomba mdomoni, uso umevimba mpaka dada yangu alipita kitandani kwangu akinitafuta. Siku ya pili nikashika tumbo, hakuna kidonda. Uvimbe bado ninao. Waliniambia presha ilianguka ghafla kabla hawajanipasua, wakaahirisha. Karatasi niliyoruhusiwa nayo imeandikwa: "Mgonjwa ana mzio wa dawa ya usingizi. Aepuke." Sasa kila mwezi damu inanitoka hadi kizunguzungu, na daktari wa upasuaji anasema lazima nirudi. Nimekataa. Naomba unieleze: nimepataje mzio wa dawa ambazo sijawahi kupewa maishani? Na kuna usingizi mwingine kwa mtu kama mimi, au nikubali ganzi ya mgongo kama anavyosema mama mkwe? Ni mimi, Mwenye Hofu.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na hiyo karatasi. Nimeisoma mara tatu. Ina maneno manane, na hakuna jina la dawa hata moja. "Aepuke." Aepuke nini? Watu hudhani nusukaputi ni sindano moja: unachomwa, unalala. Sivyo. Ndani ya robo saa ya mwanzo mgonjwa wangu hupata dawa kali ya maumivu, halafu propofoli, ile nyeupe kama maziwa, ndiyo inayomlaza. Inafuata dawa ya kulegeza misuli ili bomba la hewa lipite kooni bila mvutano. Inafuata antibiotiki ya kukinga kidonda. Wakati huohuo nesi anampaka klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, tumboni, mwingine anaingiza mpira wa mkojo uliopakwa jeli, na huenda glavu za mtu fulani pale ni za mpira wa asili. Mmoja kati ya hao ndiye aliyekuangusha. Aliyeandika karatasi yako amewafunga wote kwa kosa la mmoja, tena huyo aliyemtaja kwa jina, "usingizi", ndiye ambaye mara nyingi hana hatia.

Sisemi hivi kwa kubahatisha. Nchini Uingereza, Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Nusukaputi kilifuatilia kwa mwaka mzima hospitali za umma, kikatoa ripoti mwaka 2018. Walichambua matukio makali 266. Pale mkosaji alipotambuliwa, antibiotiki zilikuwa karibu nusu, asilimia 47. Dawa za kulegeza misuli asilimia 33. Klorheksidini asilimia 9, na rangi ya bluu inayotumika kutafuta tezi za limfu asilimia 5. Propofoli haikukaribia huko kabisa, na zile gesi tunazomvutisha mgonjwa aendelee kulala hazijulikani kuleta mzio wa aina hii. Walikadiria tukio moja katika kila nusukaputi 10,000 hivi. Watu kumi kati ya wale 266 walifariki, sikufichi, kwa sababu umekwisha kuona mwenyewe kwamba si mchezo. Waliobaki walitoka hai kama ulivyotoka wewe.

Sasa hilo la "sijawahi kupewa".

Mzio wa aina hii kwa kawaida huhitaji mwili uwe umekutana na kitu mara moja kabla. Jina lake la kitaalamu, anafilaksia, lilitungwa mwaka 1902 na Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier. Walikuwa wakiwachoma mbwa sumu ya viumbe wa baharini, wakitarajia kwamba dozi ndogo ya kwanza itawazoesha. Mbwa waliostahimili dozi ya kwanza bila shida walichomwa tena wiki kadhaa baadaye, kidogo tu, wakafa ndani ya muda mfupi. Mwili haukuwa umezoea, ulikuwa umejiandaa kwa vita. Richet akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Mkutano wa kwanza hutengeneza kingamwili, nazo hukaa kwenye seli zilizobeba vifuko vya histamini na kemikali nyingine, ngozini, mapafuni, kandokando ya mishipa. Mkutano wa pili hupasua vifuko hivyo kwa pamoja. Mishipa inalegea na kuvuja, presha inaanguka, njia za hewa zinabana.

Basi mkutano wako wa kwanza ulikuwa lini? Kama mkosaji ni antibiotiki, huenda ulishaimeza kwa kikohozi au jino ukasahau. Kama ni dawa ya kulegeza misuli, kisa ni cha ajabu zaidi. Ndani ya dawa hizo kuna kipande kidogo cha kemikali kiitwacho amoniamu ya kwaternari, na vipande vya jamii hiyo vimo kwenye vipodozi, dawa za nywele na sabuni za kuulia vijidudu. Vilevile dawa ya kikohozi iitwayo folkodini huuamsha mwili dhidi ya kipande hicho. Norwei waliiacha mwaka 2007 na matukio ya namna hii yakapungua. Mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza iondolewe sokoni Desemba 2022, Uingereza ikafuata mwaka 2023. Ndiyo maana mtu anaweza kuchomwa dawa hiyo kwa mara ya kwanza na mwili ukaipokea kama adui wa zamani. Kuna pia dawa zinazopasua vile vifuko moja kwa moja, bila kingamwili yoyote, kama mtu anayeingia kwa dirisha. Hizo hazihitaji mara ya pili.

Nikueleze kwa nini jina la dawa linanishughulisha hivi. Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Mzee mmoja alikuja kwa upasuaji wa goti. Nikamlaza vizuri, nikampa rokuroniamu ya kulegeza misuli, bomba likaingia, kila kitu kimetulia. Kwenye mashine zetu kuna mstari unaochora hewa chafu inayotoka mapafuni, kila pumzi ni kilima. Kama robo saa hivi baada ya kumlaza nikaona vilima vimekuwa vichuguu. Nikadhani bomba limechomoka, nikalikagua, lipo. Nikakamua mfuko wa hewa, mgumu. Presha, 48 kwa haikusomeka. Nikampa efedrini, dawa ya kawaida ya kupandisha presha, mara ya kwanza, mara ya pili, kimya. Mgonjwa aliyelala hawezi kukwambia "nawashwa" au "koo linaniziba", na mwili wote umefunikwa shuka za upasuaji, macho yako yako kwenye mashine tu. Nesi aliyekuwa upande wa miguu ndiye aliyeinua shuka. "Daktari, hebu njoo uone mapaja." Mekundu kama yamepigwa jua.

Kumbe ni hicho. Nikatupa efedrini, nikachukua adrenalini, mikrogramu 50 kwenye mshipa, nikarudia, nikarudia. Miguu juu, dripu mbili zikikamuliwa kwa mikono. Adrenalini ndiyo dawa ya tukio hili. Zile za mzio za kawaida na steroidi ni wasindikizaji tu, hazimtoi mtu shimoni. Vilima vikarudi kimoja kimoja. Zile dakika nilizopoteza kwenye bomba na efedrini bado ninazihesabu. Na nikujuze jambo moja ambalo siku hiyo sikulijua: mara nyingi ngozi haiwi nyekundu mpaka presha irudi, kwa sababu damu ya kuipaka rangi haijafika huko. Yule mzee alinisaidia kwa kuwa mwekundu mapema.

Lakini kosa langu kubwa lilikuja kesho yake. Nilimwandikia karatasi, nzuri kuliko yako kwa kuwa ilikuwa na jina: "Mzio wa rokuroniamu." Nilijiamini. Bahati yake, mkuu wangu hakukubali, akampeleka kwa wataalamu wa mzio. Wiki sita baadaye wakampima ngozi. Rokuroniamu: hakuna kitu. Antibiotiki: hakuna. Klorheksidini: uvimbe kama kung'atwa na nyuki. Ilikuwa kwenye jeli ya mpira wa mkojo aliowekewa dakika chache kabla vilima havijashuka. Na alipoulizwa, mzee akasema mbona mwaka uliotangulia alipowekewa mpira wodini alivimba na kuwashwa huko chini, akaambiwa ni msuguano. Mimi sikuwa nimemuuliza. Angerudi kwa goti la pili na karatasi yangu, asingepewa rokuroniamu hata tone, halafu angeingiziwa jeli ileile.

Kwa hiyo mwanangu, ninachokutuma ni hiki. Rudi hospitali ile, uombe nakala ya chati ya nusukaputi. Siyo muhtasari, ile chati yenyewe yenye dakika: dawa hii saa ngapi, presha ilianguka saa ngapi, mpira wa mkojo uliingizwa lini. Ni taarifa yako, na huombi hisani. Ulizia pia kama walichukua damu ya kupima triptasi. Ni kemikali inayomwagika pale vifuko vinapopasuka. Hupimwa mara baada ya kumhudumia mgonjwa, tena ndani ya saa moja au mbili na isizidi nne, na nyingine baada ya saa 24 au zaidi kulinganisha. Kama walisahau, si mwisho wa dunia, nayo triptasi yako ya siku ya kawaida bado inaweza kupimwa hata leo.

Ukiwa na chati, omba rufaa kwa mtaalamu wa mzio anayeshirikiana na madaktari wa nusukaputi. Hapo utapimwa kwa matone madogo ya kila ulichoguswa nacho siku ile, na ninasema kila kitu: klorheksidini na mpira wa asili pia, si zile za kwenye bomba la sindano peke yake. Kwa kawaida tunasubiri wiki nne hadi sita baada ya tukio, maana seli zilizokwisha kumwaga mzigo wake zinaweza kutoa majibu ya uongo. Wewe una miezi mitano, umekwisha vuka. Wakikupa tarehe, uliza ni siku ngapi kabla uache vidonge vya mzio au mafua, vinaficha majibu. Utatoka na karatasi yenye pande mbili: hizi usipewe, na hizi unaweza kupewa. Upande wa pili ndio utakaokurudisha thieta.

Mama mkwe ana hoja, na usimdharau. Upasuaji kama wako mara nyingi unawezekana kwa ganzi ya mgongo, na mtu aliye macho ana faida moja kubwa, anaweza kusema "nawashwa". Lakini ganzi inakuondolea propofoli na dawa ya kulegeza misuli tu. Antibiotiki utachomwa vilevile. Mgongo wenyewe utapakwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya sindano, na mara nyingi ni klorheksidini. Mpira wa mkojo pia upo. Ukienda na karatasi isemayo "aepuke usingizi", watakupa ganzi wakiwa na amani kabisa, na wanaweza kukuchoma kilekile kilichokuangusha.

Na kama damu ikizidi, upasuaji ukawa wa dharura kabla ya vipimo? Hapo mwambie daktari wa usingizi, au dada yako amwambie, na chati awe nayo mkononi: kila nilichopewa katika saa moja kabla ya presha kuanguka kiachwe, isipokuwa gesi, na thieta iandaliwe bila klorheksidini wala mpira wa asili. Njia ipo. Asikuambie mtu kwamba atakuchoma tu dawa za mzio kabla ili kukukinga, halafu arudie dawa zilezile. Hazizuii.

Wakati unasubiri, pima wingi wa damu na uombe madini ya chuma kama imepungua. Kizunguzungu ulichokitaja hakingoji mtaalamu wa mzio.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi mayai yananivimbisha midomo na kamba wa baharini ndiyo usiseme. Nimeambiwa propofoli imetengenezwa kwa yai, na dawa ya kahawia ya kupaka ngozi ina ayodini kama samaki wa baharini. Nitapasuliwa ngiri. Nikatae vyote?

JIBU: Nzuri kaka. Usikatae. Ndani ya propofoli kuna lesithini iliyosafishwa kutoka kwenye kiini cha yai, wakati mzio wa mayai kwa wengi ni wa protini za ute. Watu wenye mzio wa mayai wamepewa propofoli wengi tu bila tatizo. Na kamba: kinachokuvimbisha ni protini ya misuli yao iitwayo tropomiosini. Ayodini haihusiki kabisa, ni hadithi iliyozeekea hospitalini na sisi wenyewe tumesaidia kuieneza. Vitaje vyote viwili kabla ya upasuaji, halafu lala kwa raha. Ningekuwa mimi ningekuuliza swali jingine: ndizi, parachichi na kiwi je? Zikikuwasha mdomo, tuna sababu ya kuangalia glavu za mpira.

SWALI: Shikamoo daktari. Mjomba wangu alifariki akiwa nusukaputi, mwili ulikakamaa na kuwaka moto. Wazee wanasema binamu yake naye alikufa hivyohivyo miaka ya nyuma. Je, mzio wa nusukaputi unarithiwa? Mimi nina miaka 24 na ninatakiwa kutolewa mafindofindo.

JIBU: Marahaba. Usiingie thieta kabla hujamweleza daktari wa usingizi maneno hayo uliyoniandikia, yaleyale: kukakamaa, kuwaka moto, watu wawili wa damu moja. Hiyo haina sura ya mzio. Ina sura ya hitilafu ya misuli inayorithiwa, joto kali la nusukaputi, ambapo gesi za usingizi na dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksamethoniamu huifanya misuli iungue kwa kasi bila breki. Nimetoka kumwambia dada hapo juu kwamba gesi ndizo zisizo na hatia. Kwako wewe zinaweza kuwa ndizo zenye hatia, na propofoli ikawa rafiki. Ndiyo hatari ya kuita kila kitu "mzio".

Mwaka 1960 Michael Denborough na mwenzake kule Melbourne walieleza kisa cha kijana wa miaka 21 aliyevunjika mguu. Mguu haukumsumbua. Alichoogopa ni nusukaputi, kwa sababu ndugu zake kumi walikufa wakipewa etha. Wakampa gesi ya halothani badala ya etha, naye akaanza kuwaka vilevile. Waliwahi kuizima na kumpoza, akapona. Leo ipo dawa yake, dantroleni, na vipo vipimo vya jeni na vya kipande cha msuli. Na kama ulishawahi kulazwa salama utotoni, usijifariji: hitilafu hii inaweza kunyamaza mara ya kwanza ikajitokeza baadaye. Wasikilize wazee wenu, na muulize mama yako huyo binamu alikuwa wa upande gani.

SWALI: Hujambo daktari. Kwenye faili langu imeandikwa "mzio wa penisilini" kwa wino mwekundu. Sikumbuki chochote, mama ndiye aliyesema nilitokwa vipele nikiwa mdogo. Ina umuhimu gani kwa upasuaji?

JIBU: Sijambo. Umuhimu mkubwa kuliko unavyodhani. Katika kila watu kumi mmoja hivi husema ana mzio wa penisilini, na wakipimwa, zaidi ya tisa katika kumi ya hao wanaweza kuitumia. Wengi walikuwa na surua au virusi vingine vya utotoni, vipele vikatoka siku ileile ya dawa. Tatizo ni kwamba wino mwekundu hutulazimisha kukupa kitu kingine. Katika ile ripoti ya Uingereza, antibiotiki iliyoongoza kwa kiwango cha mizio mikali ilikuwa teikoplanini, matukio 16.4 katika kila dozi 100,000, na wengi walipewa hiyo kwa kuwa waliambiwa wana mzio wa penisilini. Mtu anakimbia moshi anaingia motoni.

Usijipime nyumbani, hata kwa nusu kidonge. Muulize mama wakati bado yupo wa kuulizwa: ulikuwa na umri gani, ilikuwa sindano au dawa ya maji, vipele vilitoka saa hiyohiyo au siku ya tatu, ulivimba uso, ulipumua kwa shida, ulilazwa? Na je, baada ya hapo uliwahi kupewa amoksisilini bila mtu kukumbuka? Andika majibu yake, uende nayo kwa daktari kabla ya tarehe ya upasuaji.